Picha ni ya kweli, sawa, lakini nani alikuita uje kuipiga?

Ukitaja propaganda na picha za vita kwenye sentensi moja, watu wengi akili inaenda fotoshop moja kwa moja. Na kweli za hivyo zipo. Mei 1945 pale Berlin, Yevgeny Khaldei, mpiga picha wa Kisovieti, aliwapanga askari wapandishe bendera juu ya jengo la Reichstag, bunge la Ujerumani, baadaye ikaonekana askari mmoja kavaa saa mikono yote miwili, yaani kapora, basi saa moja ikakwanguliwa kwenye negativu na moshi ukaongezwa angani ili mambo yapendeze. Agosti 2006, Adnan Hajj aliyekuwa analipigia picha shirika la habari la Reuters kule Beirut akauzidisha moshi wa bomu kwa kompyuta, kazi yenyewe mbovu hata mtoto angeona moshi unajirudia rudia, wasomaji mtandaoni wakamshika haraka na Reuters wakaziondoa picha zake zote 920 kwenye maktaba yao. Hizo ni kesi rahisi. Mwizi kakamatwa, kesi imeisha.

Mimi zinazonisumbua ni zile ambazo hazijaguswa hata kidogo. Picha safi, mpiga picha mwaminifu, kila kilichomo kwenye fremu kilitokea kweli, na bado imefanya kazi ya jeshi fulani au mbabe wa vita fulani kuliko redio yake mwenyewe. Ukitaka kuliona hili vizuri nenda Mogadishu, mwaka 1992 hadi 1993, na sisi wa Nairobi hatuna sababu ya kutoijua hiyo hadithi kwa sababu ilipitia hapa hapa, kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, na ilikula watu wetu.

Anza na usiku wa tarehe 9 Desemba 1992. Makomando wa jeshi la maji la Marekani wanatoka baharini kwenye ufuo wa Mogadishu, nyuso zimepakwa rangi nyeusi na kijani, bunduki mbele, wanatambaa mchangani kimya kimya kama inavyotakiwa kwenye ardhi ya adui. Halafu puu, taa. Taa za kamera za televisheni. Waandishi wamejaa ufuoni wanawasubiri, kuna mikrofoni, kuna mtu anajaribu kuwahoji, na hawa vijana waliofundishwa kupigana gizani wanabaki wanapepesa macho hawajui wamuelekezee nani bunduki. Watangazaji wakubwa kabisa wa Marekani, Dan Rather, Tom Brokaw, Ted Koppel, wote walikuwa mjini. Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, ndiyo iliyokuwa imewapa waandishi habari za wapi na lini, halafu usiku ule ule wakaanza kulalamika kwamba taa zinawaharibia askari vifaa vyao vya kuonea gizani.

Watu hucheka wakiiona hiyo video na hata mimi hucheka. Lakini angalia ilivyofanya kazi. Kile kilikuwa kitendo cha kwanza cha operesheni iliyoitwa Rejesha Matumaini, Marekani ikaleta askari wapatao 25,000 kusindikiza chakula cha msaada, na picha ya kwanza dunia iliyopewa ni ya komando anatoka baharini. Siyo ya mama wa Baidoa akipima mtama, siyo ya mzee wa ukoo akijadiliana na madereva wa malori. Komando. Na pale ufuoni hapakuwa na adui hata mmoja, adui wa karibu alikuwa ni mtu wa CNN na waya zake.

Kabla ya hapo palikuwa na picha za njaa, na bila zile hakuna meli ingekuja. Rais wa Somalia, Siad Barre, alitimuliwa Januari 1991, wakubwa wa koo wakagawana mji kwa mizinga, mashamba ya kati ya mito Juba na Shabelle yakaporwa, na kufikia katikati ya 1992 Baidoa watu walikuwa wanafukiwa kila asubuhi. Wapiga picha walikuwa wanatoka Wilson, mara nyingine wakiomba lifti kwenye zile ndege ndogo za miraa kwa sababu ndizo pekee ambazo hazikuwahi kukosa safari, kuwe na vita au kusiwe na vita miraa lazima ifike kabla ya saa sita mchana. Hapo nacheka tena kidogo. Chakula cha msaada kinakwama bandarini miezi, miraa haikwami.

Zile picha za njaa zilikuwa za kweli kabisa na zimeokoa watu, simkejeli mtu aliyezipiga. Ila zilikuwa na ugonjwa ambao tulishauona Ethiopia 1984. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, na Michael Buerk wa BBC walirusha ile ripoti ya njaa ya Korem tarehe 23 Oktoba 1984 na dunia nzima ikalia, pesa zikachangwa, nyimbo zikaimbwa. Kwenye picha ulikuwa unaona ukame, umati, ukungu wa asubuhi, vichwa vimeinama, kama jambo lililoshuka kutoka mbinguni. Ndege za serikali ya Mengistu zilizokuwa zinapiga Tigray huzioni, masoko yaliyochomwa huyaoni, njia za chakula zilizofungwa makusudi kuwanyima waasi huzioni. Serikali ya Derg, ndiyo hiyo ya Mengistu, iliweza kuishi na picha ile vizuri tu. Ukame hauna kiongozi wa kushtakiwa. Na Amin mwenyewe hakuwa mjinga wala muoga, miaka ya sitini alifungwa Zanzibar kwa sababu ya kamera, na mwaka 1991 alipoteza mkono Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka, mlipuko uliomuua fundi sauti wake John Mathai, Mkenya mwenzetu ambaye jina lake hata wanafunzi wa uandishi hawalijui. Alikuwa anapiga kile alichoruhusiwa kukifikia, na kibali cha kusafiri alikuwa anakipata kwa nani? Kwa serikali ile ile.

Hilo ndilo swali langu kwa kila picha ya vita, na nitalirudia mpaka mchoke: nani alimfikisha huyu mpiga picha hapa, na nani alimzuia asifike pale pengine?

Turudi Mogadishu. Mei 1993 Umoja wa Mataifa ukachukua usukani kutoka kwa Wamarekani na uhusiano na mbabe wa vita Mohamed Farah Aidid ukaharibika haraka. Ugomvi mmojawapo mkubwa ulikuwa redio. Aidid alikuwa anaishika Radio Mogadishu na kila siku ilikuwa inawaambia Wasomali kwamba hawa wageni wamekuja kuwatawala upya. Tarehe 5 Juni askari wa Pakistan walienda kukagua ghala za silaha, mojawapo ikiwa pale pale kwenye kituo cha redio, mji ukawaka na Wapakistani 24 wakauawa. Wiki haijaisha ndege ya Marekani aina ya AC-130 ikaja usiku ikaibomoa redio yenyewe. Fikiria hapo vizuri. Kabla hujampata Aidid unabomoa spika yake. Baadaye mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Jonathan Howe, akatangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayemleta Aidid, na karatasi zikamwagwa kutoka kwenye helikopta.

Sasa baada ya redio kupigwa, Aidid alibakiwa na nini? Kamera za wageni. Ndiyo sababu tarehe 12 Julai 1993 inaumiza kichwa.

Asubuhi hiyo helikopta za Marekani aina ya Cobra zilipiga makombora nyumba ya Abdi Hassan Awale Qaybdiid, mtu wa karibu wa Aidid. Umoja wa Mataifa ukasema ni makao ya kupangia vita na waliokufa ni kama 20. Wasomali wakasema ndani walikuwa wazee wa ukoo, masheikh, wasomi, wamekaa kikao, na wengine wao walikuwa wanataka kutafuta njia ya amani. Msalaba Mwekundu ukahesabu waliokufa 54. Watu wa Aidid wakasema zaidi ya 70. Ona namba tatu hizo, nyumba moja, asubuhi moja.

Waandishi walikuwa wanakaa Sahafi Hotel, pale karibu na mzunguko wa K4. Nimewahi kuelezewa na wazee wa kazi hii jinsi maisha yalivyokuwa kwenye hoteli za vita kabla ya kamera za dijitali: bafu ndiyo chumba cha giza, taulo limezibwa chini ya mlango, dawa za kusafishia filamu kwenye ndoo ndogo, filamu inakaushwa kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu unachagua fremu moja, moja tu, kwa sababu kuituma picha ya rangi kwa simu ya satelaiti inachukua muda mrefu mno na kila dakika ni dola. Kwa hiyo hata ukipiga roli nzima ya mambo tofauti, dunia inaona fremu moja. Nani anachagua ile moja, hilo nalo ni jambo la kuuliza, tutafika.

Basi siku hiyo watu wa upande wa Aidid walikuja hotelini wakawaambia waandishi njooni muone walichofanya Wamarekani, tutawalinda. Na waandishi wakaenda, walipaswa kwenda, hakuna mpiga picha anayeambiwa nyumba imelipuliwa na wazee akabaki anakunywa chai. Dan Eldon wa Reuters, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi. Hos Maina wa Reuters, Mkenya. Anthony Macharia, fundi sauti wa Reuters, Mkenya. Hansi Krauss wa shirika la habari la AP, Mjerumani. Na Mohamed Shaffi, mpiga video wa Reuters, mkazi wa Nairobi. Walipofika umati uliokuwa unatoa maiti kwenye kifusi uliwaona, ukawaona ni wale wale, ngozi ngeni au kamera ngeni, nani ana muda wa kutofautisha, ukawageukia kwa mawe na marungu na visu na risasi. Wanne wakafa. Shaffi akaponea chupuchupu na majeraha.

Nimesoma makala nyingi sana kuhusu siku hiyo na karibu zote zinamlilia Eldon, ambaye kweli alikuwa kijana wa kipekee, daftari zake za picha na michoro zimechapishwa na watu wanazipenda dunia nzima. Hos Maina na Macharia wanakuja mwishoni, "na wenzake". Naona hiyo nayo ni fremu. Nani yuko katikati, nani kakatwa pembeni.

Lakini niseme jambo ambalo halisemwi sana. Pande zote mbili siku ile zilikuwa zinaitaka picha. Aidid alitaka miili ya wazee ionekane Washington. Jeshi lilitaka dunia ione video ya angani tu, ile ya rangi ya kijivu, kisanduku katikati, nyumba ndogo, moshi, hakuna uso. Walishaonja utamu wake vita ya Ghuba 1991, kila jioni jenerali anaonyesha kombora linaingia kwenye paa na waandishi wanacheka. Mwaka huo huo Kenneth Jarecke alipiga picha ya askari wa Iraq aliyeungua akiwa kwenye gari lake barabarani, AP Marekani wakaitoa kwenye mtandao wao wa kusambazia picha wakisema ni kali mno, The Observer la London likaichapisha. Hakuna jenerali aliyepiga simu, inavyojulikana. Wahariri walijizuia wenyewe. Propaganda nzuri haihitaji afisa wa jeshi ofisini kwako, inakaa kichwani mwa mhariri mzuri mwenye huruma.

Baada ya vifo vya Julai waandishi wengi wa nje wakaondoka Mogadishu, na nani anaweza kuwalaumu. Matokeo yake ni kwamba vita ilipopamba moto zaidi, tarehe 3 na 4 Oktoba, kamera zilikuwa chache mno. Helikopta mbili za Black Hawk zikaangushwa, Wamarekani 18 wakafa kwenye mapigano yale, Wasomali wakafa kwa mamia, wanawake na watoto wakiwemo. Na katika yote hayo dunia inakumbuka nini? Mwili wa askari mmoja wa Kimarekani ukiburutwa barabarani kwa kamba.

Aliyeipiga picha ile ni Paul Watson, Mkanada wa gazeti la Toronto Star, mtu aliyezaliwa bila kiganja cha mkono mmoja (yeye na Mohamed Amin, sijui kuna nini kati ya kazi hii na mkono mmoja). Alizunguka mji akiwa garini na walinzi wa Kisomali mpaka akaukuta umati. Akashuka, akapiga, akarudi garini. Halafu mwenyewe anasimulia kwamba akiwa amekaa pale akapiga hesabu: nguo ya ndani ya marehemu imekaa vibaya, sehemu za siri zinaonekana, wahariri hawataichapisha hii. Akashuka tena, katikati ya umati ule, kupiga nyingine ya nusu mwili. Jamani. Ukitaka kujua mhariri anaishi wapi, anaishi hapo, kwenye kichwa cha mtu aliye na sekunde chache za kuishi. Na anasema alisikia kama marehemu anamwambia kwamba ukifanya hivi nitakumiliki milele. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994 na amesema wazi miaka yote kwamba haijampa raha.

Video ya tukio lile lile haikupigwa na mzungu. Ilipigwa na Msomali aliyekuwa dereva wa waandishi, wakubwa walipoondoka wakamwachia kamera ndogo ya Hi-8. Na video nyingine ikatoka ya rubani Michael Durant, mateka, uso umevimba, anaulizwa maswali huku jicho limejaa woga, ikawekwa kwenye majalada ya magazeti. Hiyo ya Durant ilipangwa na waliomshika, ile ya barabarani haikupangwa na mtu, ila zote mbili zilimfanyia Aidid kazi ambayo redio yake isingeweza hata ingerushwa kwa Kiingereza. Tarehe 7 Oktoba Rais Clinton wa Marekani akaenda kwenye televisheni akatangaza askari wote wataondoka kufikia mwisho wa Machi 1994.

Je Watson alikuwa mpiga debe wa Aidid? Hapana kabisa. Pentagon ilikuwa imeanza kufanya mzaha na ukweli, kulikuwa na tukio la Septemba helikopta imeangushwa na miili kunajisiwa na jeshi halikukubali kirahisi, kwa hiyo alitaka ushahidi usiobishiwa. Kazi yake ilikuwa sahihi. Ila picha ikishatoka mkononi mwako haiulizi ulikuwa na nia gani. Aliyekosekana kwenye ile siku ni mpiga picha wa pili na wa tatu na wa nne, waliotakiwa kuwa kwenye hospitali ya Digfer wakipiga Wasomali waliolala sakafuni mamia kwa mamia, ili Mmarekani akiona ule mwili aone na kilichotokea usiku wa kuamkia siku ile. Wapiga picha hao ndio waliouawa Julai au walioogopa baada ya Julai. Na Julai ilitokana na kombora. Kwa hiyo ukifuata uzi, kombora la jeshi lenyewe lilisaidia kuondoa picha zilizoweza kuieleza picha iliyowaaibisha.

Miezi sita baadaye ni Rwanda, na hapa sitakaa sana kwa sababu ni kidonda cha peke yake. Aprili 1994, Washington bado inaiona ile kamba ya Mogadishu kila inapofumba macho, Baraza la Usalama tarehe 21 Aprili likapunguza walinda amani wabaki 270 tu. Mauaji ya kimbari yenyewe karibu hayana picha. Nick Hughes, mpiga video aliyekuwa na makazi Nairobi, aliwarekodi kutoka kwenye jengo la shule ya Kifaransa Kigali watu wakiuawa kwa mbali barabarani, wanawake wawili wamepiga magoti kati ya maiti, mmoja kaunganisha mikono anaomba. Inatetemeka, ya mbali, watu wadogo kama punje. Ni moja ya video chache mno za tendo lenyewe, katika mauaji yaliyomaliza watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki tano na laki nane na zaidi. Picha moja ya mtu mmoja Mogadishu iliondoa jeshi, na watu laki kadhaa bila picha hawakuleta jeshi. Nimeshindwa kulizoea hilo.

Sasa mimi mwenyewe niko wapi humu. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la picha la gazeti moja hapa mjini, kazi yangu kuandika maelezo ya chini ya picha, ile mistari miwili ambayo hakuna anayeisoma mpaka iwe na kosa. Picha za operesheni za Somalia zilikuwa zinakuja tayari kwenye barua pepe, zimepigwa vizuri, askari wetu anampa mtoto maji, daktari wa jeshi anapima mama presha, bendera. Hakuna anayekufa kwenye picha za namna hiyo. Chini unaandika "Picha/Hisani" na maisha yanaendelea. Hisani ya nani? Msomaji hajui. Siku moja niliandika kirefu, kwamba picha imetolewa na jeshi na mwandishi wetu hakuwepo, ikarudi imefyekwa na mhariri wa zamu, nafasi haitoshi. Nafasi ya maneno manane. Nilipokataa kunyamaza nikaambiwa nisianze siasa. Gazeti silitaji, mhariri simtaji, na wala sio gazeti moja tu lenye tabia hiyo.

Kwa hiyo yalipokuja ya El Adde sikushangaa yalivyoenda. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wetu ya El Adde kule Gedo, Somalia. Siku chache baadaye picha za wanajeshi waliouawa zilikuwa kwenye simu za watu, WhatsApp zote zimejaa, na waliozitoa ni wauaji wenyewe. Serikali ikaja juu, waziri wa usalama wa ndani wakati huo, marehemu Joseph Nkaissery, akaonya kwamba anayezisambaza atashikwa. Mwandishi Yassin Juma akashikwa kweli kwa alichokiweka mtandaoni, kwa kutumia kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano, na Aprili mwaka huo huo Mahakama Kuu ikakifutilia mbali kifungu hicho katika kesi ya mtu mwingine ikisema kinakwenda kinyume na katiba. Mwezi huo huo wa Aprili al-Shabaab wakatoa video yao ndefu ya El Adde, imehaririwa, ina muziki wao na ramani zao.

Na idadi? Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwenye televisheni karibu 200, Nairobi ikakanusha, lakini kukanusha sio kutaja. CNN baadaye wakaja na 141. Wamarekani nao walipitia huku, kuanzia 1991 mpaka 2009 ilikuwa marufuku kupiga picha majeneza yakishushwa kambi ya Dover, lakini angalau majina walikuwa wanayatoa.

Siungi mkono mtu kutuma uso wa mtoto wa mwenzake umelala mchangani, mama yake yuko kwenye grupu hilo hilo la kijiji. Lakini serikali ikifunga kila mlango, kamera pekee inayobaki ndani ya ile kambi ni ya adui, na atakayetaka kujua nini kilimpata kaka yake ataenda kuangalia video ya aliyemuua kaka yake. Hiyo ni zawadi. Al-Shabaab hawakuhitaji kudanganya chochote kwenye fremu, walihitaji tu wawe peke yao.

Na haiishi. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, mamluki zaidi ya 280 wa Kiromania waliokuwa wamekodiwa upande wa Kinshasa walivushwa mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, mbele ya kamera zilizopangwa vizuri, wanapekuliwa, wamekaa chini, na ile video ya Willy Ngoma, msemaji wa kijeshi wa M23 wakati huo, akimfokea mmoja wao akunje miguu ikazunguka mpaka kwa shangazi zetu ambao hata ramani ya Kivu hawaijui. Watu walifurahi sana kumuona mzungu anafokewa, nami nakiri inachekesha. Ila Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza mateka wa vita kufanywa sinema ya watu, na hata kama mamluki hana hadhi ya mateka wa vita, jiulize wiki hiyo hiyo ni picha ngapi ulizoletewa kutoka hospitali za Goma ambazo zilikuwa zimejaa mpaka kwenye korido. Tarehe 6 Februari Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa waasi wenye M23, akahutubia uwanja wa Unité pale Goma, picha zikatoka, umati umejaa. Umati ulikuwepo, hakuna aliyeuchora. Nilichotaka kukijua ni ilikuwaje kwa mtu wa mtaa wa Birere aliyeamua asubuhi ile kubaki nyumbani, na hiyo huwezi kuipiga picha kutoka jukwaani.

Watu huniuliza mbinu za kukagua, na ninazo, tafuta picha kinyumenyume kwenye Google, angalia namba za magari, mabango ya maduka, kivuli kimeangukia wapi, mvua ilinyesha siku hiyo au la. Fanyeni, zinasaidia kwa picha za mwaka 2012 zinazoletwa kama za leo. Kwa komando wa ufuoni hazisaidii kitu.

Kuna mzee jirani yangu, mstaafu wa jeshi, tunabishana kuhusu El Adde kila Januari. Yeye anaona serikali ilifanya sawa. Mwaka huu akaniuliza hivi, kijana, wewe ungekuwa mhariri na upewe picha ya mtoto wangu akiwa vile, ungeiweka? Nikamwambia hapana mzee, uso siuweki. Ningeweka kambi, magari yaliyoungua, ukuta ulipovunjwa, picha imepigwa na mtu wetu tuliyemtuma sisi na jina lake liko chini, na idadi ya waliokufa. Akafikiri akasema basi hatutofautiani sana, umebaki hapo kwenye idadi tu. Nikamwambia mzee, ugomvi wote tangu ile nyumba ya Abdi kule Mogadishu ni idadi. Akasema hilo hawezi kulijibu, aliapa.